Kutafuta kazi ya teknolojia uchumi ukiwa umedorora: namna ya kulinda ari mpaka mkataba utiwe saini

Anayetafuta kazi ya teknolojia jijini Nairobi au Dar es Salaam siku hizi huchoshwa na kimya kuliko kitu kingine chochote. Anatuma maombi, anakesha akifanya mtihani wa kuandika programu, anazungumza kwa video na watu watatu wa kampuni moja, kisha hapati hata barua pepe ya kumwambia amekataliwa. Baada ya miezi miwili ya hali hiyo hata kufungua kompyuta kunakuwa kazi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepunguzwa kazini, au aliyehitimu wakati kampuni zimesimamisha ajira. Msimamo wangu ni huu: ukiipima wiki yako kwa majibu ya watu wengine utavunjika, maana majibu hayako mikononi mwako. Ipime kwa kazi uliyoimaliza mwenyewe. Hatua zinazofuata zote zimejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Jua kilichotokea kabla hujajilaumu

Kati ya Machi 2022 na Julai 2023, benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5. Sehemu kubwa ya pesa zilizokuwa zikiendesha kampuni changa, zikiwemo za huku kwetu, zilitoka kwa wawekezaji waliokuwa wakikwepa riba ndogo. Hati fungani za serikali zilipoanza kulipa vizuri, hawakuwa tena na sababu ya kubahatisha. Novemba 2022 Meta ilitangaza kupunguza watu 11,000. Januari 2023 Google ikataja 12,000 na Microsoft 10,000. Nairobi nako, Sendy iliyokuwa ikishughulika na usafirishaji wa mizigo ilifunga shughuli zake 2023, na Mei 2024 Copia, iliyouza bidhaa hadi vijijini kupitia mawakala, ikawekwa chini ya wasimamizi.

Juu ya hayo kuna mzigo wa nyumbani. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160 za Kenya, na mwezi uliofuata Benki Kuu ya Kenya ikaweka riba yake kuwa asilimia 13. Kampuni inayopata mapato kwa shilingi na kulipia seva kwa dola huumia mara mbili hapo, na kitu cha kwanza inachopunguza ni watu.

Ninaanza na hesabu hizi kwa sababu nimeona watu hodari, walioshika mifumo mizito, wakianza kuamini kwamba hawajui kazi. Uliajiriwa kwa ujuzi wako. Kazi ikaisha kwa sababu ya riba na mapato. Yaandike hayo kwa sentensi moja fupi isiyo na uchungu, kwa mfano: “Kampuni ilikosa ufadhili wa awamu iliyofuata, ikafuta timu yetu yote ya malipo.” Kila mahojiano utaulizwa swali hilo, na mtu aliyeliandaa jibu lake hatetemeki.

Hatua ya 2: Dai haki yako na ufanye hesabu ya miezi

Fanya hili ndani ya wiki ya kwanza, kabla ya kutuma hata ombi moja. Nchini Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja au alipe mshahara wa mwezi huo, alipe siku za likizo zilizobaki, na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika kazini. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, na mwanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, aliyechangia muda unaotakiwa anaweza kudai fao la kukosa ajira. Dai pia cheti cha utumishi. Usitie saini karatasi ya kumaliza madai yote siku ileile unayopewa. Omba siku mbili uisome.

Kisha gawanya pesa ulizo nazo kwa matumizi ya mwezi: kodi ya nyumba, chakula, umeme, intaneti, nauli, karo. Jibu ni idadi ya miezi. Liandike ukutani. Ajuaye kwamba ana miezi minne hupanga kwa utulivu, na asiyejua huamka kila siku akiwa na hofu ya siku ya mwisho. Kama bima ya afya ilikuwa ya mwajiri, panga mbadala kabla haijakatika. Mikopo ya haraka ya simu iache kabisa. Makato yake hula hiyo miezi kabla hujaitumia.

Sasa lile gumu zaidi: kuwaambia watu. Kwetu mshahara wa mtu mmoja mara nyingi ni karo ya mdogo wake, dawa za baba na mchango wa chama. Wengi huficha. Wanaendelea kutoka nyumbani asubuhi na begi la kompyuta, wanaendelea kutuma pesa wasizo nazo, na uchovu wa kuficha unazidi uchovu wa kutafuta kazi. Nakusihi usifanye hivyo. Mpigie mzazi ukiwa na hesabu mkononi: “Mama, kampuni imepunguza watu na mimi ni mmoja wao. Nina pesa za kodi na chakula za miezi minne. Karo ya muhula huu nitaimaliza. Ya muhula ujao tuketi tuipange pamoja.” Mzazi akisikia mpango, anapata la kushika. Mweka hazina wa chama naye aambiwe kabla hujachelewesha mchango wa kwanza, kwa sababu chama humvumilia aliyesema mapema. Ukiwa na mkopo wa sacco, nenda ofisini uombe muda wa malipo urefushwe wakati bado hujakosa hata awamu moja.

Hatua ya 3: Ipe wiki umbo

Kutafuta kazi siku nzima, kila siku, kunachosha na hakuongezi nafasi. Saa tatu au nne za asubuhi zinatosha kusoma matangazo, kuandika maombi na kuwasiliana na watu. Mchana ni wa kujenga kitu au kujifunza. Jioni funga kompyuta, maana matangazo ya kazi unayoyapitia kitandani saa tano usiku hayakupi kitu ila kukosa usingizi.

Tengeneza jedwali, iwe kwenye daftari au lahajedwali: jina la kampuni, tarehe ya kutuma, nani ulizungumza naye, hatua inayofuata, tarehe ya kuifanya. Mwanzo wa wiki jiwekee idadi ya vitu unavyoviweza mwenyewe: maombi matano yaliyoandikwa kwa makini, watu watatu wa kuwaandikia, sehemu moja ya mradi imalizike. Ijumaa hesabu ulivyofanya. Usihesabu majibu. Kama hayo matano yametumwa vizuri, wiki imekwenda vizuri hata kama hakuna aliyejibu, na una haki ya kupumzika Jumamosi bila kujisuta.

Toka nyumbani angalau mara mbili kwa wiki. Nairobi kuna maktaba ya taifa Upper Hill na ile ya McMillan katikati ya jiji, iliyofunguliwa 1931. Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi Mohamed, na Buni Hub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, kwenye jengo la COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Kijitonyama. Mombasa kuna Swahilipot Hub, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa, karibu na Fort Jesus. Meza ya nje ya nyumba inakulazimu kuvaa, kutembea na kuzungumza na mtu mwingine, na hayo matatu hulinda akili kuliko video za kutia moyo.

Hatua ya 4: Tafuta mahali ambapo pesa bado zinatembea

Hapa ndipo wengi hupoteza muda. Walizoea kampuni changa, wanaendelea kubisha kwenye milango ileile ambayo mwekezaji ameshaifunga. Uchumi ukidorora, kazi ya teknolojia huhamia kwa wenye mapato yao wenyewe: benki, sacco, kampuni za simu, bima, hospitali, viwanda, kaunti, vyuo, mashirika ya dini. Matangazo yao hayavutii, na mara nyingi hayaonekani LinkedIn. Yako kwenye tovuti zao na magazetini. Lakini mishahara hulipwa.

Sheria mpya nazo huzaa kazi. Sheria ya Fedha ya 2023 ya Kenya ilisukuma wafanyabiashara kutoa ankara kupitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (KRA), na duka la jumla lenye mfumo wa zamani wa hesabu linahitaji mtu wa kuuunganisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019 na ya Tanzania ni ya 2022, na kila shule, hospitali na kampuni ya mikopo inayoshika taarifa za watu inatakiwa kuzitii. Mwandishi wa programu aliyezisoma sheria hizo kwa makini ana jambo la kuzungumza na mkurugenzi ambaye hajui aanzie wapi. Ukiwa Tanzania, jifunze jinsi taasisi zinavyounganishwa na GePG, mfumo unaotoa namba za malipo ya serikali. Kote Afrika Mashariki, kuelewa malipo ya simu kunafungua milango mingi. Upande wa M-Pesa, Safaricom ina Daraja, jukwaa la kuunganisha programu na M-Pesa, ambapo unaweza kufanya majaribio bila kulipa.

Sekta ya afya ina mifumo yake. DHIS2, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, hukusanya takwimu za vituo vya afya, na Kenya ilianza kuutumia nchi nzima 2011. Anayeujua hana washindani wengi. Ila kuwa mwangalifu: miradi mingi ya afya ililipwa na Marekani kupitia USAID, na tangu fedha hizo zisimamishwe Januari 2025 imeyumba. Kabla ya kukubali nafasi kwenye mradi, uliza wazi: mlipaji ni nani, na fedha zimethibitishwa hadi lini?

Kazi za kampuni za ng'ambo bado zipo, ingawa hutafuta wenye uzoefu wa miaka. Angalia saa kabla ya kuomba. Dubai wako mbele ya Nairobi kwa saa moja tu, London wako nyuma kwa mbili au tatu kutegemea msimu, lakini California iko nyuma kwa kumi au kumi na moja. Mwenye watoto wadogo afikirie kama ataweza mikutano ya usiku wa manane kwa mwaka mzima.

Hatua ya 5: Zungumza na watu kabla ya kutuma ombi

Tangazo la wazi hupata mamia ya maombi. Jina lako likifika kwa mkuu wa timu kupitia mtu anayemwamini, linasomwa. Watu wengi huona haya hapa, wakidhani wanaomba hisani. Omba maelezo, jambo ambalo karibu kila mtu yuko tayari kulitoa. Ujumbe kama huu unatosha:

“Habari za siku nyingi, dada. Natumaini mko salama nyumbani. Nafasi yangu ilifutwa mwezi uliopita pamoja na timu nzima ya malipo. Naona uko kwenye benki sasa. Naomba dakika 15, siku yoyote inayokufaa, unieleze timu yenu inajenga nini na huajiri watu wa aina gani. Nikiona nafaa, nitatuma maombi mwenyewe.”

Mwandikie hata uliyefanya naye kazi miaka mitano iliyopita. Baada ya mazungumzo, tuma shukrani siku hiyohiyo, ukitaja jambo moja mahususi alilokufundisha. CV iwe kurasa mbili, na kila kazi ionyeshe kilichobadilika kwa sababu yako: malipo yaliyokuwa yakichukua dakika sasa huchukua sekunde, ripoti iliyoandaliwa kwa mkono sasa hutoka yenyewe. Orodha ndefu ya lugha za programu haimwambii mwajiri lolote.

Hatua ya 6: Jenga kitu kimoja chenye mtumiaji wa kweli

Ukiwa na hofu, kozi huvutia. Unaanza moja ya akili unde, unaiacha, unaanza ya usalama wa mtandao, na mwisho wa mwezi una vyeti viwili na huna jambo la kusimulia. Chagua kitu kimoja. Kiwe cha mtu unayemjua mwenye shida unayoiona: chama kinachoandika michango kwenye daftari linaloloa, madrasa isiyojua ni wazazi gani wamelipa ada, fundi anayesahau wateja wanaomdai nguo. Kaa naye, msikilize, mjengee sehemu ndogo, mpe aitumie, rudi wiki ijayo uone alipokwama.

Faida yake kwa ari ni kubwa kuliko watu wanavyofikiria. Kwa muda wote wa kutafuta kazi, wanaokutathmini ni wageni ambao hawakujibu. Huyu fundi anajibu. Anakupigia kukuambia kitufe hakifanyi kazi, na unakumbuka kwamba unajua kutengeneza. Kwenye mahojiano, hadithi yake ina uzito kuliko mradi wa kuiga ulioko kwenye GitHub za watu wengi. Kama ana uwezo, alipe, hata kidogo. Mkubaliane bei kabla ya kuanza.

Hatua ya 7: Kwa kukataliwa na kwa kimya, uwe na kanuni

Usiamue upya kila mara jinsi ya kuhisi. Weka kanuni: wiki mbili zikipita bila jibu, tuma ujumbe mmoja wa kuulizia, wiki moja zaidi ikipita, andika “imefungwa” kwenye jedwali na usirudi kuitazama. Ukikataliwa baada ya mahojiano, uliza kwa heshima sehemu moja ya kuboresha. Wachache watajibu, na hao wachache ni dhahabu. Ukiona unaangukia hatua ileile kila mara, basi tatizo lina mahali: ukikosa kuitwa kabisa, rekebisha CV, ukiitwa na kuangukia mtihani, fanya mazoezi ya mtihani.

Tafuta mwenza anayetafuta kazi kama wewe, mkutane kila wiki siku moja isiyobadilika. Mnasomeana mlichofanya, mnaulizana maswali ya mahojiano kwa sauti, mnapeana matangazo. Kwa wanawake, AkiraChix ya Nairobi na Pwani Teknowgalz ya Mombasa, mashirika ya wanawake walio katika teknolojia, ni pa kuanzia. Usichague mwenza wa kulalamika naye tu. Saa mbili za kulaani soko zitakuacha mchovu kuliko ulivyoingia.

Na kama imefika mahali hulali, huli, au unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, hilo limeshavuka mambo ya kazi. Mwambie mtu wa karibu leo, nenda hospitali, au piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Usisubiri kwanza upate kazi.

Hatua ya 8: Wajue wanaowinda waliokata tamaa

Kipindi kigumu huwaleta. Hakuna mwajiri halali anayekutoza ada ya mahojiano, ya mafunzo au ya kuandaliwa mkataba. Mtihani wa nyumbani wa saa chache ni wa kawaida, lakini ukiambiwa ujenge mfumo mzima wenye nembo ya kampuni, unafanyishwa kazi ya bure. Kataa kwa adabu, au taja bei yako.

Hatari zaidi ni ahadi za Asia ya kusini-mashariki. Mwaka 2022 wizara ya mambo ya nje ya Kenya ilitoa tahadhari baada ya vijana walioahidiwa kazi nzuri Thailand kujikuta Myanmar, wamefungiwa kwenye majengo na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Waliolengwa ni watu wa aina yako: wasomi wanaojua kompyuta na Kiingereza. Kabla ya kumpa yeyote pasipoti, hakikisha wakala yuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya, na kwamba nchi iliyo kwenye viza ndiyo utakayofanyia kazi.

Hatua ya 9: Ofa ikija, isome kwa utulivu

Mtu aliyekaa miezi mingi bila mshahara hutaka kutia saini palepale. Omba usiku mmoja. Angalia muda wa majaribio: Kenya sheria haikubali uzidi miezi sita, ila mfanyakazi mwenyewe akikubali uongezwe. Angalia kama wewe ni mwajiriwa au mkandarasi, kwa sababu mkandarasi hujilipia ushuru, bima na likizo, na mshahara wake unapaswa kuwa mkubwa zaidi kufidia hayo. Ukilipwa kwa dola, usipange maisha kwa kiwango cha juu kabisa ulichowahi kukiona. Dola iliyokuwa takriban 160 mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imeshuka hadi karibu 130 katikati ya mwaka uleule, na waliokodi nyumba kwa hesabu ya 160 walibanwa.

Mshahara ukiwa chini ya ule wa zamani, kubali kama unalipa gharama zako na kazi yenyewe inakuongezea ujuzi, na omba iandikwe kwamba utaangaliwa upya baada ya miezi sita. Ahadi ya mdomo huondoka na meneja aliyeitoa.

Mpaka mkataba uwe umetiwa saini na pande zote mbili, endelea kutuma maombi kama kawaida. Kampuni huondoa ofa dakika ya mwisho, hasa nyakati hizi. Ukishatia saini, ziarifu kampuni nyingine zilizokuwa zikikuhoji, na uwaandikie mmoja mmoja wote waliokupa zile dakika 15. Jedwali lako lenye majina ya kampuni, mifumo wanayotumia na maswali waliyokuuliza mpe mwenza wako ambaye bado anatafuta.